Menyu ya Tarakilishi Hupangika: Okoa Muda wa Mwananchi Bila Kuvuruga Mashine ya Umma

Msimu wa maombi ya basari unapofika, foleni katika ofisi nyingi za wadi huanza kabla ya mlango kufunguliwa. Wazazi huja na stakabadhi mkononi, kila mmoja akitaka barua yake ashughulikiwe arudi shambani au sokoni. Ndani mara nyingi huwa na karani mmoja, tarakilishi moja na printa moja. Kwa kila barua, karani hubandika maelezo ya mwombaji, hubadilisha jina pale linapojirudia, hutengeneza nakala ya PDF ya kuwekwa kwenye kumbukumbu, kisha huchapisha.

Kazi hizo si ngumu. Kinachochosha ni kuzitafuta. Amri ya kubandika maandishi bila mapambo yake ya awali imo ndani ya menyu moja, chini ya orodha nyingine. Amri ya kutengeneza PDF imo katika menyu ya pili, nayo pia imejificha ndani ya orodha ndogo. Chukulia kwamba kuitafuta amri moja huchukua sekunde 10, na kwamba barua moja huhitaji amri tatu za aina hiyo. Kwa barua 120, hizo ni sekunde 3,600, yaani saa nzima. Amri hizo zikiwekwa mahali pamoja, na kila moja ikachukua sekunde 2, saa hiyo hupungua hadi dakika 12. Dakika 48 zilizobaki ni za watu walio kwenye foleni.

Jambo ambalo watumishi wengi wa umma na wananchi hawajaambiwa ni kwamba menyu za programu hazikuwekwa pale milele. Mtumiaji anaweza kuzipanga upya, kuongeza yake, kuipa jina la Kiswahili, na kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Hakuna malipo yanayohitajika, wala fundi. Linalohitajika ni kujua njia, na kukumbuka kwamba tarakilishi ya ofisi ina watumiaji wengine.

UPAU WA MENYU NI NINI?

Upau wa menyu ni ule mstari wa maneno ulio juu ya dirisha la programu: "File", "Edit", "View", "Insert" na mengineyo. Ukibofya neno moja, orodha ya amri hushuka. Chini ya mstari huo aghalabu kuna upau wa zana, wenye vitufe vya picha ndogo ndogo kama ile ya printa.

Mpangilio huu una umri wa miaka zaidi ya 40. Tarakilishi ya Apple iliyoitwa Lisa ilikuwa nao mwaka wa 1983, na Macintosh ya mwaka wa 1984 ikausambaza. Nia yake ilikuwa kumwondolea mtumiaji mzigo wa kukariri amri. Azione zimeorodheshwa, achague anayoitaka. Lakini kadiri programu zilivyoongezewa kazi, ndivyo orodha zilivyorefuka, hata amri moja inayotakiwa kila siku ikawa imezungukwa na nyingine nyingi ambazo karani hatazigusa maishani.

Watengenezaji wamejaribu dawa mbalimbali. Microsoft Office 2000 ilikuja na menyu zilizojipunguza zenyewe: amri ambayo haikutumiwa mara kwa mara ilifichwa, na orodha ikawa inabadilika siku baada ya siku. Mtu angeona amri leo, kesho asiione. Kufikia Office 2007, Word na Excel ziliacha menyu za zamani na kuingiza utepe mpana wenye vichupo. Utepe huo haukumpa mtumiaji wa kawaida nafasi kubwa ya kuupanga. Uwezo huo ulikuja na Office 2010.

Kuna funzo hapo. Menyu inayobadilika bila mtu kujua humchanganya. Menyu aliyoipanga mwenyewe kwa kukusudia humsaidia, kwa sababu mkono huzoea mahali pa kitu. Funzo hilo hilo ndilo linalofaa kuongoza ofisi zenye tarakilishi ya pamoja. Mfanyakazi anayebadilisha menyu kimyakimya huwafanyia wenzake kile ambacho programu ile ilikuwa ikiwafanyia watu.

ANZA NA KARATASI

Kabla ya kugusa chochote, karani aweke karatasi kando ya tarakilishi kwa wiki moja. Kila anapotafuta amri ndani ya menyu, aiandike na kuweka alama. Mwisho wa wiki ataona amri chache zenye alama nyingi. Hizo ndizo zinazostahili kuhamishwa.

Katika ofisi zinazoandika barua nyingi, orodha huwa karibu hivi: kubandika maandishi matupu, kutafuta na kubadilisha maneno, kutengeneza PDF, kuingiza tarehe, na kuunganisha barua moja na orodha ya majina. Hiyo ya mwisho, inayoitwa "Mail Merge", inastahili kujifunzwa na kila ofisi ya wadi, kwa kuwa hutoa barua nyingi kutoka kwa orodha moja ya majina.

Amri tano hadi nane zinatosha. Menyu mpya yenye amri 30 itakuwa imerudisha tatizo lile lile.

KATIKA LIBREOFFICE

LibreOffice ni programu huria isiyolipiwa, na ndiyo inayompa mtumiaji uhuru mkubwa zaidi katika jambo hili. Hatua za kuunda menyu mpya katika Writer, ambayo ni sehemu ya kuandikia barua, ni hizi:

1. Fungua menyu ya "Tools", kisha uchague "Customize". Dirisha lenye vichupo kadhaa litafunguka. Chagua kichupo cha "Menus".

2. Angalia kisanduku kilichoandikwa "Scope". Hapa ndipo unapoamua kama menyu mpya itaonekana katika kila barua itakayofunguliwa na Writer, au ndani ya faili moja tu. Uamuzi huu una uzito, na umeelezwa zaidi hapa chini.

3. Bofya alama ya kujumlisha iliyo karibu na kisanduku cha "Target". Andika jina la menyu mpya, kwa mfano Wadi. Tumia mishale kuisogeza mahali unapotaka ikae kwenye upau.

4. Upande wa kushoto kuna orodha ya amri zote, na juu yake kisanduku cha kutafutia. Andika sehemu ya jina la amri kwa Kiingereza, kwa mfano PDF. Ikitokea, ibofye, kisha ubofye mshale unaoelekea kulia. Amri itahamia kwenye menyu ya Wadi.

5. Ili kuipa amri jina la Kiswahili, ibofye upande wa kulia, ufungue "Modify", kisha "Rename". Andika jina linaloeleweka na wote ofisini: Tengeneza PDF, Badilisha Jina, Weka Tarehe.

6. Bofya "OK". Menyu mpya itaonekana papo hapo.

Hatua ya tano isipuuzwe. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, menyu za tarakilishi nyingi za ofisi ni za Kiingereza, tena Kiingereza cha kifundi. Mwanagenzi aliyeanza kazi jana huenda asijue "Paste Unformatted Text" inafanya nini, lakini akikuta "Bandika Maandishi Matupu" hahitaji kumwita mtu. Juhudi za kuziandika menyu kwa Kiswahili si ngeni: mwaka wa 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Karani anayebadilisha majina matano katika ofisi yake anaifuata njia hiyo hiyo kwa kiasi chake.

Kuna hila moja ndogo yenye faida. Unapoandika jina la menyu, ukitanguliza alama ya wimbi (~) mbele ya herufi mojawapo, herufi hiyo huwa ufunguo. Ukiandika Wa~di, menyu itafunguka kwa kubonyeza Alt pamoja na D, bila kugusa kipanya. Chagua herufi isiyotumiwa na menyu nyingine. W, kwa mfano, kwa kawaida tayari ni ya menyu ya "Window".

KATIKA MICROSOFT WORD

Njia fupi zaidi katika Word ni upau mdogo wa haraka unaoitwa "Quick Access Toolbar", ambao hukaa juu au chini ya utepe. Bofya amri yoyote kwenye utepe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague "Add to Quick Access Toolbar". Amri itahamia huko na itaonekana hata unapobadilisha kichupo. Ikiwa upau huo hauonekani, bofya utepe kwa kitufe hicho hicho cha kulia. Utapata amri ya kuuonyesha.

Upau huu una njia ya mkato isiyojulikana na wengi. Bonyeza Alt, na tarakimu zitatokea juu ya vitufe. Kitufe cha kwanza ni Alt kisha 1, cha pili Alt kisha 2, na kuendelea. Kwa hiyo amri inayotumika zaidi ipangwe mwanzoni.

Anayetaka kichupo kizima cha ofisi yake afungue "File", "Options", kisha "Customize Ribbon". Huko ataunda kichupo kipya, akipe jina, na kuweka amri ndani ya kikundi kipya. Hapa Word ina mpaka wake: amri zilizowekwa na watengenezaji katika vikundi vya awali haziwezi kuondolewa moja moja wala kubadilishwa majina. Ndiyo maana amri zinazoongezwa zinahitaji kikundi chake.

Katika dirisha hilo hilo kuna kitufe cha "Import/Export". Kinahifadhi mpangilio wote katika faili moja inayoweza kupelekwa kwenye tarakilishi nyingine. Ofisi yenye mashine tano inaweza kuunda mpangilio mmoja, ikaujaribu, kisha ikausambaza, ili mfanyakazi anayehamishwa kutoka dawati moja hadi lingine asianze upya. Tahadhari ni kwamba kuingiza mpangilio mpya hufuta ule uliokuwapo. Hifadhi wa zamani kwanza.

TARAKILISHI YA WATU WENGI

Mashine nyingi za umma hazina mwenyewe mmoja. Ofisini hutumiwa kwa zamu. Katika maktaba na vituo vya vijana, mashine moja huenda ikatumiwa na watu kumi kwa siku: mmoja anaandika wasifu wa kuombea kazi, mwingine anajaza zabuni ya kikundi cha akina mama, mwingine anamalizia ripoti ya mafunzo ya nyanjani.

Hapo ndipo madhara hutokea. Mtu mmoja anaficha upau wa menyu ili apate nafasi kubwa ya kuandikia, anamaliza kazi yake na kuondoka. Anayefuata amebakiwa na nusu saa kabla ya muda wa kutuma maombi ya kazi kwisha. Anaona skrini isiyo na menyu, anadhani mashine imeharibika, na anaondoka kutafuta saiba ya kulipia. Hakuna kilichoharibika, lakini nafasi yake ya kazi huenda imepotea.

Kanuni nne zinatosha kuepusha hayo:

Kwanza, kila mfanyakazi awe na akaunti yake ya kuingilia kwenye tarakilishi. Word na LibreOffice huweka mpangilio wa menyu kwa kila akaunti peke yake. Menyu ya mmoja haitaonekana kwa mwingine.

Pili, palipo na akaunti moja ya wote, menyu mpya iwekwe ndani ya faili, si ndani ya programu nzima. Hapo ndipo kisanduku cha "Scope" cha LibreOffice kinapofaa. Faili ya barua ya basari inaweza kubeba menyu yake ya Wadi. Ikifunguliwa, menyu hutokea. Ikifungwa, menyu huondoka nayo, na anayeandika wasifu wake hakuti kitu kigeni. Faili hiyo ihifadhiwe kwa aina ya LibreOffice yenyewe, inayoishia kwa odt.

Tatu, ongeza, usifute. Menyu mpya haimzuii mtu kutumia za zamani. Kuondoa amri ambayo wewe huitumii ni kumnyima mwenzako ambaye hujui kazi yake.

Nne, mabadiliko yakubaliwe na yaandikwe. Karatasi moja iliyobandikwa kando ya mashine, ikisema ni menyu gani iliyoongezwa na njia ya kuirudisha ya awali, inatosha.

MENYU IKITOWEKA

Kabla ya kumwita fundi, jaribu haya:

Katika Word, bonyeza Ctrl pamoja na F1. Utepe uliokunjwa hurudi. Mara nyingi hukunjwa kwa bahati mbaya, mtu anapobofya jina la kichupo mara mbili.

Katika Firefox, bonyeza Alt na upau wa menyu utatokea kwa muda. Ukiutaka ubaki, fungua "View", kisha "Toolbars", na uweke alama kwenye "Menu Bar". Ikiwa dirisha limejaa skrini nzima, bonyeza F11.

Katika LibreOffice, ikiwa skrini nzima imetwaliwa na ukurasa, bonyeza Ctrl, Shift na J kwa pamoja. Ikiwa sura ya programu imebadilika kabisa, fungua "View", kisha "User Interface", na uchague "Standard Toolbar", ambayo ndiyo sura ya menyu iliyozoeleka.

Ikiwa menyu zenyewe zimevurugwa, kila programu ina mlango wa kurudi. Katika LibreOffice, rudi kwenye "Customize", chagua menyu husika na utumie kitufe cha "Defaults". Kwa uharibifu mkubwa zaidi, fungua "Help" na uchague "Restart in Safe Mode". Humo kuna chaguo la kufuta mipangilio na marekebisho ya sura. Katika Word, dirisha la "Customize Ribbon" lina "Reset", ambayo hurudisha utepe pamoja na upau wa haraka. Hatua hizi hugusa mpangilio wa programu. Barua na majedwali yaliyohifadhiwa hubaki yalivyo. Hata hivyo, hifadhi kazi iliyo wazi kwanza.

Mwananchi akiambiwa kwamba menyu iliyopotea inahitaji kulipiwa programu mpya, ajaribu hatua hizi kabla ya kutoa pesa.

FAIDA KWA WALIO NA ULEMAVU

Kwa mtu asiyeona, menyu ndefu si usumbufu mdogo. Anayetumia programu ya kusoma skrini kama NVDA, ambayo hupatikana bila malipo, husikia amri zikitajwa moja baada ya nyingine anaposhuka kwa kitufe cha mshale. Amri ikiwa ya kumi na tano katika orodha, huenda akapitia majina kumi na manne kabla ya kuifikia. Menyu fupi ya amri sita, yenye ufunguo wake wa Alt, humfikisha kwa hatua chache.

Hali ni hiyo hiyo kwa mtu ambaye mkono wake hautulii juu ya kipanya. Orodha zinazofunguka ndani ya orodha humtaka asogeze kipanya kwa uangalifu, akiteleza orodha inajifunga. Amri ikiletwa juu, au ikipewa ufunguo wa kibodi, kizuizi hicho huondoka. Kifungu cha 54 cha Katiba kinawahakikishia watu wenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kuwasaidia kuvuka vikwazo vya hali yao. Kupanga menyu ni hatua isiyohitaji bajeti, na ofisi inaweza kuichukua leo.

TAHADHARI MOJA

Menyu au kitufe kinaweza pia kuunganishwa na makro, yaani mfululizo wa amri zinazojiendesha zikibofywa. Makro nzuri huokoa muda mwingi. Makro mbaya inaweza kufuta faili au kuiba taarifa, na ofisi za umma huhifadhi majina, namba za vitambulisho na namba za simu za wananchi, taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019.

Kwa hiyo faili iliyotumwa na mtu usiyemjua ikifunguka na kuuliza kama makro ziruhusiwe, kataa. Faili ya ofisi yenye menyu yake itengenezwe na mtu anayejulikana, na ikiwa ina makro, afisa wa TEHAMA aikague kabla haijasambazwa.

KWA KUFUPISHA

Menyu ya tarakilishi ni kama rafu za duka. Bidhaa zinazonunuliwa kila saa huwekwa karibu na mkono, na zile za mara moja kwa mwaka hupandishwa juu, lakini hazitupwi. Na duka likiwa la wengi, hakuna anayehamisha rafu usiku bila kuwaambia wenzake.

Orodhesha amri unazozitafuta sana. Zipange pamoja. Zipe majina yanayoeleweka. Ziweke pale zisipomsumbua mwingine, na uandike njia ya kurudi. Mwenye swali amwendee afisa wa TEHAMA wa kaunti ndogo yake, akiwa na ile karatasi ya alama mkononi. Kwa karatasi hiyo, kazi yote huenda isichukue zaidi ya nusu saa, na foleni ya basari ijayo itasonga upesi zaidi.